Maswali Yenu: Fonti za Mwandiko, Kutoka Kadi ya Harusi Hadi Stika ya Matatu

Barua za mwezi huu zimeegemea upande mmoja: fonti za mwandiko, zile za herufi zilizolala na kushikana, zenye mistari minene ya kushuka na nyuzi nyembamba za kupanda. Wanaouliza ni maharusi, walimu, mafundi wa stika na wenye saluni. Tumechagua maswali yanayojirudia.

Nilitengeneza kadi za harusi ya dada yangu nyumbani kwa Word, majina nikayaweka kwa Great Vibes. Nilipozipeleka River Road kuchapwa, majina yalitokea kwa herufi za kawaida kabisa na maneno ya chini yakahamia ukurasa wa pili. Kosa ni la nani? — Msomaji, Umoja

Kosa ni la faili. Hati ya Word kwa kawaida haibebi fonti yenyewe, inabeba jina lake tu. Kompyuta ya dukani ikitafuta Great Vibes isiione, inachukua fonti nyingine iliyo karibu. Kwa kuwa upana wa herufi hizo ni tofauti, mistari yote inasukumana.

Usipeleke hati ya Word dukani. Ihifadhi kama PDF, kisha ifungue kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl+D na uende kwenye kichupo cha Fonts. Kando ya jina la fonti yako pawe na neno "Embedded" au maneno "Embedded Subset". Yasipokuwapo, fonti haikuingia na matatizo yatakuwa yale yale.

Kuna mtego mmoja ambao wengi hawaujui. Maduka mengi ya mjini hufungua PDF ndani ya CorelDRAW ili kupanga kadi nyingi kwenye karatasi moja kubwa. CorelDRAW huuliza maandishi yaingizwe kama "Text" au kama "Curves". Fundi akichagua "Text", programu inaanza upya kuitafuta fonti, na hapo umerudi mwanzo. Mwambie achague "Curves". Ukiwa unafanya kazi ndani ya CorelDRAW wewe mwenyewe, Ctrl+Q hugeuza maandishi kuwa mchoro. Kwa Illustrator ni Ctrl+Shift+O. Weka nakala kabla ya kugeuza, kwa sababu mchoro haurekebishwi tahajia. Jina la bwana harusi likiwa limekosewa, utalazimika kurudi kwenye nakala hiyo.

Kadi zangu zimetoka vizuri lakini mistari myembamba ya herufi imekatikakatika, hasa kwenye zile kadi zenye mikwaruzo. Wino ulikuwa hafifu? — Bi harusi mtarajiwa, Ruaka

Wino haukuwa na shida. Fonti ya aina hii inaiga kalamu ya chuma yenye ncha iliyopasuliwa katikati: mkono ukishuka na kubonyeza, ncha inafunguka na mstari unakuwa mnene, ukipanda bila kubonyeza, unabaki unyuzi. Mwandiko wa Kiingereza wa karne ya 18 ulilala kiasi cha digrii 55 kutoka kwenye mstari wa chini, na fonti nyingi za kifahari zinafuata mfano huo. Snell Roundhand, iliyochorwa na Matthew Carter miaka ya 1960, inafuata mwandiko wa Charles Snell, mwalimu wa kuandika wa London. Edwardian Script ya Ed Benguiat, ya mwaka 1994, ni ya ukoo huo huo. Pinyon Script, ambayo ni ya bure, nayo iko hapo.

Uzuri wake wote umo kwenye zile nyuzi, na ndizo za kwanza kufa kwenye karatasi. Printa ya leza huweka unga wa wino juu ya karatasi. Karatasi yenye mikwaruzo ina mabonde, unga haufiki chini ya mabonde, unyuzi unakatika. Tumia karatasi laini ya gramu 300, au ukitaka ile yenye mikwaruzo, chagua fonti nene zaidi. Unyuzi usiwe chini ya pointi 0.25 ukichapa rangi juu ya karatasi nyeupe, wala chini ya pointi 0.5 ukiwa na maandishi meupe ndani ya rangi iliyokoza, maana wino wa pembeni huvimba na kuufunika. Kwa dhahabu ya kupigwa kwa moto pia usishuke chini ya pointi 0.5.

Kama maandishi ni meusi, mwombe fundi atumie wino mweusi peke yake, asilimia 100. Nyeusi iliyochanganywa rangi nne ikikosa kulingana kidogo tu, kila unyuzi unapata kivuli chekundu au cha samawati.

Na tafadhali usibonyeze kitufe cha B ili kuunenepesha. Fonti nyingi za mwandiko hazina toleo nene, kwa hiyo Word inalibuni yenyewe kwa kuvimbisha herufi pande zote, na tundu la "e" linazibika. Ongeza ukubwa, au badilisha fonti.

Shule yetu hutoa vyeti kila mwisho wa mwaka. Majina yanatoka kwenye Excel yakiwa herufi kubwa zote, na tukiyaweka kwa fonti ya mwandiko hayasomeki. Halafu majina kama Ng'ang'a na Wanjirũ yanaharibika kila mara. Tufanyeje? — Mwalimu, Kasarani

Swali hili lina matatizo matatu ndani yake, na tutalipa nafasi kubwa kwa sababu cheti chenye jina lililoharibika ni afadhali kisitolewe.

Kwanza, herufi kubwa. Herufi kubwa ya mwandiko imechorwa isimame mwanzoni mwa neno, peke yake, na mkia wake uwe na pa kwenda. Ukizipanga saba mfululizo, mikia inapandana na hakuna kiungo hata kimoja kinachokutana na kingine. Hakuna fonti ya ukoo huu inayovumilia jambo hilo. Kwa hiyo majina lazima yageuzwe.

Excel ina fomula ya kugeuza, =PROPER(A2), lakini kwa majina yetu inaleta aibu. PROPER huweka herufi kubwa baada ya kila alama isiyo herufi, na ritifaa (alama ya ') kwake si herufi. NG'ANG'A inakuwa Ng'Ang'A. Dawa ni kuificha ritifaa kwanza kwa herufi ambazo hazitokei katika jina lolote, kugeuza, kisha kuirudisha:

=SUBSTITUTE(PROPER(SUBSTITUTE(A2,"'","zqz")),"zqz","’")

Angalia kuwa ritifaa ya mwisho katika fomula ni ile iliyopinda, siyo ile iliyonyooka. Unaipata kwa kushikilia Alt na kuandika 0146 kwenye vitufe vya namba vya upande wa kulia. Tumeirudisha hivyo makusudi. Ukichapa moja kwa moja ndani ya Word, ritifaa hupindwa yenyewe, lakini majina yanayovutwa kutoka Excel huja na ile iliyonyooka, na katikati ya mwandiko uliolala huonekana kama msumari. Kama baadhi ya majina yalinakiliwa kutoka simu, huenda tayari yana iliyopinda. Tumia Ctrl+H kwanza uzifanye zote kuwa zilizonyooka, ndipo uweke fomula.

Fomula hiyo haijui desturi za majina. "Ole" la Kimaasai, "arap" la Kikalenjin na "wa" katikati ya jina vitapewa herufi kubwa hata kama mwenyewe huandika kwa ndogo. Pitia orodha kwa macho, na umuulize mwenye jina.

Pili, ũ na ĩ. Fonti nyingi za mwandiko hazina herufi hizo. Programu haikwambii, inaazima herufi kutoka fonti nyingine na kuichomeka, na Wanjirũ anaishia na mkia uliosimama wima kama umetoka gazetini. Njia ya haraka ya kujua kabla ya kupakua: tafuta fonti inayodai kutumika kwa Kivietinamu. Lugha hiyo inatumia ĩ na ũ zote mbili, kwa hiyo fonti iliyotengenezwa kwa ajili yake itawafaa pia Wagĩkũyũ na Wakamba. Google Fonts, tovuti ya fonti za bure, ina kichujio cha lugha; Dancing Script na Pacifico zinapita. Kama herufi ipo lakini alama yake inaelea kando, basi aliyeandika alichapa "u" na alama vikiwa vitu viwili. Ifute, uichape upya kama herufi moja.

Tatu, urefu. Wanafunzi wengi wana majina matatu. Usipange ukubwa wa herufi kwa jina la kwanza kwenye orodha. Weka safu ya =LEN(B2), ipange kutoka kubwa hadi ndogo, na ukubwa wa fonti uamuliwe na jina lililo juu. Kwenye A4 iliyolala, pointi 30 hadi 36 huwa zinatosha, ila fonti za mwandiko zina herufi ndogo fupi sana, kwa hiyo pointi 30 za Great Vibes huonekana kama 20 za fonti ya kawaida. Ndiyo maana jina la mwalimu mkuu na tarehe haviandikwi kwa mwandiko pale chini kwa pointi 11. Viandikwe kwa fonti ya vitabu.

Kabla ya kuchapa mamia, chapa vyeti vitano tu: jina refu kuliko yote, lenye ng', lenye ũ, lenye "wa" au "ole", na moja lenye herufi za miguu mitupu kama Munini au Mwinyi. Hilo la mwisho ni muhimu. Katika mwandiko uliolala, m, n, u, i na w ni safu ya vijiti vinavyofanana, na jina linaweza kusomeka namna tatu.

Napiga stika za matatu na za vioo vya maduka. Nikitumia fonti ya mwandiko, plota inakata mistari ndani ya neno kila mahali herufi mbili zinapoungana. Kung'oa kunakuwa balaa. — Fundi, Kariobangi

Herufi za fonti hizi hazijaungana kweli. Kila moja ni umbo lililofungwa, na mkia wake unaingia juu ya jirani. Kwenye skrini rangi ni moja, hivyo huoni. Kisu kinafuata mzingo wa kila umbo.

Kwa Inkscape: Ctrl+Shift+C kugeuza maandishi kuwa mchoro, Ctrl+Shift+G kutenganisha kundi, kisha Path na Union. Kwa Illustrator, Ctrl+Shift+O halafu Unite kwenye Pathfinder. Kwa CorelDRAW, yakiwa bado ni maandishi, bonyeza Ctrl+K mara kadhaa hadi kila herufi isimame peke yake, zichague zote, kisha Weld. Hakikisha hakuna herufi iliyosogea au kubadilika umbo wakati wa kutenganisha. Kabla ya kutuma kwenye plota, tazama mchoro bila rangi, kwa Wireframe ya CorelDRAW au Ctrl+Y ya Illustrator. Mstari wowote unaopita ndani ya neno utakatwa.

Kama viungo havikutani kabisa, kuna mtu ameongeza nafasi kati ya herufi. Kwenye mwandiko nafasi hiyo ni sifuri, daima. Anayetaka herufi zilizoachana atumie Monotype Corsiva au nyingine ya aina hiyo, ambayo imelala lakini haikuundwa kushikana.

Halafu unene. Stika yenye unyuzi chini ya milimita 1 huchanika wakati wa kung'oa mabaki, na ikibandikwa kwenye matatu, mashine ya kuoshea ya maji ya kasi inamalizia. Ongeza mzingo wa milimita 0.3 kuzunguka neno lote baada ya kuliunganisha. Unyuzi wa 0.5 unakuwa 1.1. Utapoteza kidogo ule utofauti wa nene na nyembamba, na hakuna njia ya kuukwepa. Kwa gari, sisi tungeacha kabisa ukoo wa kalamu na kuchukua ule wa brashi: Pacifico, au Brush Script iliyochorwa na Robert E. Smith mwaka 1942. Unene wake unakaribia kuwa sawa kote, na kisu kinaupenda. Wa kudarizi nao wafuate ushauri huo huo. Uzi wa cherehani hautoi mstari safi chini ya milimita 1.

Nafungua saluni. Nataka jina kwenye bango liwe kwa mwandiko wa kifahari, na chini yake namba ya Till na simu kwa mwandiko huo huo ili vilingane. — Msomaji, Pipeline

Jina, ndiyo. Namba, hapana. Tarakimu za mwandiko zina 1 na 7 zinazokaribiana, na mteja akikosea tarakimu moja, pesa zinakwenda kwa mwingine. Namba ya Till na simu ziandikwe kwa fonti isiyo na mapambo, kama Montserrat au Lato, zikiwa wima.

Kuhusu jina, piga hesabu kabla ya kulipa. Kipimo kinachotumiwa na wachora mabango ni milimita 25 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Mtu aliye ng'ambo ya barabara, mita 15 hivi, anahitaji herufi za milimita 125. Kwa fonti ya mwandiko upime herufi ndogo, siyo ile kubwa ya mwanzo. Kama herufi ndogo ni theluthi ya ile kubwa, herufi kubwa itafika milimita 375, na bango lako la futi mbili halitatosha likiwa na mikia juu na chini. Chagua fonti yenye herufi ndogo ndefu zaidi, au punguza jina. "Nywele" pekee lingesomeka pale ambapo maneno matano yangekuwa urembo wa ukutani.

Kwenye picha ya tangazo la fonti niliona mikia mizuri mwishoni mwa maneno. Nimeinunua, nikiandika haitokei. Nimetapeliwa? — Mbunifu chipukizi, Rongai

Hapana, mikia imo ndani, imefichwa. Ndani ya Word bonyeza Ctrl+D, nenda kichupo cha Advanced, washa "Use Contextual Alternates", kisha jaribu namba moja baada ya nyingine kwenye "Stylistic sets". Kama una Windows, unaweza kujifunza bila gharama kwa fonti ya Gabriola iliyo humo tayari. Kwa Illustrator fungua paneli ya Glyphs na ubofye herufi mara mbili. Kwa programu zisizo na uwezo huo, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika charmap, chagua fonti, shuka hadi mwisho wa orodha, nakili herufi yenye mkia na uibandike. Njia hii inafaulu tu kama mtengenezaji aliipa kila herufi ya ziada namba yake. Tena ukibadilisha fonti baadaye, herufi hizo hugeuka visanduku.

Sasa jambo ambalo picha ya tangazo haitakuonyesha. Picha hizo huandikwa kwa maneno ya Kiingereza, yaliyochaguliwa kwa sababu fonti inayapenda: yenye "tt", "ll", au "y" na "d" mwishoni, ambako mkia una mahali pa kushuka au kupanda. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, na yamejaa k, w, m na n. Fonti yenye mikia kumi ya "y" bila hata mmoja wa "a" haina faida kwako. Kabla ya kununua, chapa kwenye kisanduku cha majaribio: "Tunawaalika", "Karibuni", "Mwenyezi", "Ng'ombe". "Tunawaalika" ndiyo inayofichua mengi. "A" mbili zinazofuatana zikiwa nakala kamili, jicho linajua papo hapo kuwa hakuna mkono uliopita pale. Fonti nzuri hubadilisha ya pili yenyewe.

Mkia wa mwanzo au mwisho ukikatwa kwenye skrini, umevuka kisanduku cha maandishi. Weka nafasi kabla ya neno, au panua kisanduku. Ukikatwa juu, nafasi ya mistari ndani ya Word imewekwa "Exactly", irudishe "Single".

Fonti niliyopakua bure imeandikwa "personal use", yaani matumizi binafsi. Mteja anataka nembo. — Msomaji, Ngara

Usiitumie hadi ununue leseni ya biashara, na uangalie kama leseni hiyo inaruhusu nembo, maana baadhi hazijumuishi. Matoleo ya bure ya aina hiyo mara nyingi pia yamepunguzwa tarakimu na alama. Ukitaka kuepuka hayo, fonti za Google Fonts zenye leseni huria ya OFL (Open Font License), Great Vibes ikiwemo, zinaruhusiwa kwa kazi ya kulipwa. Kisichoruhusiwa ni kuuza faili ya fonti yenyewe peke yake.

Kadi yetu tunaituma kwa WhatsApp tu, hatuchapi. Mbona majina yanaonekana yamefifia? — Kamati ya harusi, Lang'ata

WhatsApp hubana picha, na nyuzi ndizo zinazoyeyuka kwanza. Tengeneza picha ya pikseli 1080 kwa 1920, unyuzi usipungue pikseli 3, kisha itume kama hati, siyo kama picha. Mandhari ya maua nyuma ya majina yaondolewe au yafifishwe sana. Mahali, saa na namba ya mchango viwe kwa fonti ya kawaida, kwa sababu wengi wataisoma ndani ya matatu wakiwa wamesimama.